London usiku mmoja: gastropabu ipi kwa watu watatu, mmoja hanywi wala hali nyama isiyochinjwa Kiislamu?

Mwana Chumbageni (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Mwezi ujao nakwenda London siku tano, mdogo wangu anamaliza shahada ya pili. Usiku wa mwisho nataka nimtoe chakula yeye na mumewe. Mwenyewe ameshasema: hataki kuku wa kukaanga wala biriani, anataka gastropabu, zile baa ambazo watu wanafuata jiko kuliko bia. Miaka miwili anapita nje akichungulia dirishani, maana ada na kodi ya chumba vilimmaliza. Sasa shemeji yangu ni mtu wa swala tano, hanywi, na nyama anakula iliyochinjwa Kiislamu tu. Nimechuja zikabaki tatu: The Eagle ya Farringdon Road, The Anchor & Hope ya mtaa wa The Cut karibu na Waterloo, na The Harwood Arms ya Fulham. Mshahara wangu ni wa bandarini hapa Tanga, mnaujua. Nisaidieni, hasa mliokaa kule.

Baharia wa Raskazoni
Mwanangu, hongera kwa mdogo wako. Mimi nitaitetea The Eagle. Ndiyo inayohesabiwa gastropabu ya kwanza: mwaka 1991 Mike Belben na David Eyre walichukua baa ya kawaida wakaweka jiko palepale nyuma ya kaunta. Zingine zote zimefuata hapo. Hakuna kitambaa mezani, viti havifanani, unakwenda kaunta mwenyewe kuagiza na kulipa. Vyakula vimeandikwa kwa chaki ubaoni juu ya jiko, na sahani ikiisha mtu anaifuta mbele ya macho yako. Nilisimama pale jioni moja nikimtazama mpishi anageuza samaki kwa kidole na koleo, mafuta yanaruka, huku anazungumza na mteja. Nikaona ndiyo Forodhani yao, ila ina paa. Na kati ya hizo tatu, ndiyo rahisi mfukoni.

Kijana wa Barabara ya Kumi
Mkuu, shahada ya pili haisherehekewi kwa kujihudumia kaunta! Mpeleke Harwood Arms. Ile baa ilipata nyota ya Michelin, ile heshima wanayopewa wenye majiko bora, mwaka 2010, na baa zenye nyota hiyo London ni za kuhesabu. Wana yai la kuchemsha lililovikwa nyama ya paa kisha likakaangwa, nje linavunjika, ndani kiini bado kinatiririka. Halafu ukishuka stesheni ya Fulham Broadway, uwanja wa Chelsea uko hapohapo. Unapiga picha, unaenda kula.

Bi Mkwakwani
Kijana, umemsoma mleta uzi? Harwood sifa yake yote ni nyama za mawindo, na chakula chao ni cha bei moja kwa mpangilio waliouweka wao. Shemeji atakaa pale kama mlinzi.

Kijana wa Barabara ya Kumi
Windo si halali, bi mkubwa?

Bi Mkwakwani
Halali likiwindwa na anayetaja jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua. Nani atakuthibitishia hilo kwa paa wa mashambani Uingereza? Tuiache.

Nimeishi London miaka sita, sikilizeni kwa makini hapa. Watu wanadhani ukiagiza samaki umeshavuka salama. Baa moja, sitaitaja, niliagiza samaki mweupe juu ya dengu. Nimekula nusu ndipo naona vipande vyekundu vidogo kati ya dengu, laini, vina chumvi. Nguruwe. Kwenye orodha iliandikwa samaki na dengu, basi. Nililia njiani, sioni aibu kusema. Sheria ya kule inawalazimu wakuambie vitu 14 vinavyodhuru watu wenye mzio: karanga, maziwa, mayai, kamba na kadhalika. Nguruwe hayumo. Divai yenyewe haimo. Kwa hiyo wamezoea kuulizwa na hawakasiriki, lakini hayo mawili usipouliza hawana sababu ya kukuambia. Uliza mambo manne: mchuzi una divai? Mboga zimepikwa na nyama gani? Viazi vimekaangwa kwa mafuta gani, maana vya Jumapili mara nyingi ni mafuta ya bata au ya ng'ombe? Na sufuria ni ileile?

Baharia wa Raskazoni
Bi Mkwakwani kasema kweli tupu. Naongeza kuhusu Eagle: mkate wao uliotiwa nyama ya ng'ombe ndani, Bife Ana, uko ubaoni tangu mwanzo na ndio uliowapa umaarufu. Nyama yake inalazwa kwenye divai nyekundu na vitunguu saumu. Shemeji asiuguse. Na soseji za nguruwe zinachomwa pale pia, kwa hiyo samaki wake aombewe kikaango cha peke yake.

Mama Watoto Ngamiani
Mbona hamuisemi Anchor & Hope? Imefunguliwa 2003 na mimi ndiyo niliyoipenda, kwa sababu moja. Bega la kondoo linapikwa saa nyingi kwa moto mdogo, linaletwa na chombo chake, mnakula watu wanne au watano kutoka humo. Ni sinia hasa! Sehemu nyingine za kule kila mtu anakumbatia sahani yake. Muda tu ndio wa kuangalia: mtaa huohuo kuna kumbi za maigizo, Old Vic na Young Vic, kwa hiyo kabla ya saa moja na nusu usiku mnabanana. Onyesho likianza watu wanatoka, mnapumua. Ila msizoee mambo yetu ya kula saa nne, majiko mengi ya baa yanafunga saa hizo wakati vinywaji bado vinauzwa.

Bi Mkwakwani
Na hilo bega shemeji atalitazama?

Mama Watoto Ngamiani
Hapo umenishika, shoga. Sinia la watu wawili mmoja akitazama si sinia. Basi nimeondoa kura yangu.

Mwana Chumbageni
Ahsanteni sana. Nimempigia shemeji nikamsomea yote. Amesema hana tatizo kukaa mahali penye pombe ili mkewe afurahi, ila hawezi kula kwa kubahatisha, na kumtuma mhudumu aende jikoni kuuliza arudi hakumridhishi. Nikamweleza kwamba Eagle mpishi yuko mbele yako. Amesema, "Hapo nitamwuliza mwenyewe, nitaona na kikaango." Harwood nimeitoa, Anchor & Hope mdogo wangu ataenda na wenzake wa darasani. Swali la mwisho: vinywaji vya shemeji gharama yake vipi? Na samaki akifutwa ubaoni kabla hatujafika?

Baharia wa Raskazoni
Maji ya bomba ni bure, sheria inawabana baa zote za Uingereza, asione haya kuomba. Na fikeni mapema, saa kumi na mbili na nusu jioni. Mmoja ashike meza, wewe nenda kaunta moja kwa moja uagize samaki kwanza, mengine yafuate.

Bi Mkwakwani
Mkirudi tuambie alikula samaki gani.