Kuta za mabwawa ya Sasumua na Ruiru, yanayoipa Nairobi maji, zina umri wa babu. Mnalala?

Kijana wa Umoja 2
Jumamosi nilikuwa Njabini kumzika shangazi. Tulipotoka makaburini binamu akanipeleka Sasumua nikayaone maji ninayoyalipia. Nyasi zimekatwa, bata wanaelea, sina malalamiko. Lakini niliposimama juu ya tuta nikauliza lilijengwa lini, nikaambiwa 1956, likaongezwa kimo 1968. Bwawa la Ruiru ndilo kongwe zaidi, 1950 hivi. Hata Ndakaini tunayoiita mpya ilimalizika 1994. Sasa swali langu ni moja na naomba tusilipoteze: kuta za mabwawa huzeeka? Zikizeeka, tumwage maji tuzikarabati, ama tuendelee kunywa huku tukiomba Mungu? Siasa tafadhali tuiache nje.

Njeri wa Ngumo
Umetaja maji na Nairobi kwa pumzi moja halafu hutaki siasa. Karibu mjini.

Otis wa Buru
Mimi tangu Solai nikisikia neno bwawa nashika kifua. Mei 2018, bwawa la huko lilipasuka usiku, watu zaidi ya 40 wakaenda na maji. Halafu Mai Mahiu 2024, bwawa tena. Na bado mtu anauliza kama kuta huzeeka!

Mhasibu Mstaafu
Kijana, Mai Mahiu mwanzo walisema bwawa, baadaye ikaelezwa kuwa maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya karavati, ile njia ya maji chini ya reli, kuziba. Na Solai lilikuwa bwawa la shamba la mtu binafsi. Usichanganye chumvi na sukari kwa sababu zote ni nyeupe.

Otis wa Buru
Sawa mzee. Nitamwambia aliyesombwa kuwa lilikuwa karavati.

Fundi wa Tuta
Nimefanya kazi kwenye mabwawa miaka 22, siyo haya ya Nairobi, kwa hiyo simtetei mtu. Kwanza ondoeni hofu: kila ukuta wa udongo huvuja. Umejengwa ukijua utavuja. Katikati kuna kiini cha udongo wa mfinyanzi unaobana maji, na yale machache yanayopenya hukusanywa chini kwenye mtaro. Mwisho wa mtaro kuna bati lenye pengo la herufi V. Kila asubuhi unachuchumaa na rula, unasoma kimo cha maji kwenye lile pengo, unaandika kitabuni. Yakiwa kidogo na ni safi, nenda ukanywe chai. Yakiongezeka na mvua haijanyesha, piga simu. Yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, acha simu kwanza, watoe watu walio chini, kwa sababu hapo ukuta unaliwa kutoka ndani.

Adui wa ukuta si miaka. Ni fuko anayechimba, ni mti ulioachwa ukaingiza mizizi, na hasa ni maji kupita juu ya ukuta kwa kuwa njia ya kumwagia maji ya ziada imeziba au ni ndogo. Sasumua yenyewe, mafuriko ya 2003 yalivunja hiyo njia ya kumwagia. Ukuta haukwenda popote, lakini Nairobi ilikiona cha moto, na kuitengeneza kulichukua miaka. Ukuta wa 1956 unaopimwa kila asubuhi nitaulalia chini. Wa juzi usiopimwa sipiti hata na baiskeli.

Thika Mjini
Ahsante fundi. Naomba kuongeza kitu. Maji ya Sasumua yanaingia Chania. Ndakaini iko mto Thika. Hiyo mito miwili inakutana wapi? Hapa kwetu. Kwa hiyo mnaokunywa si nyinyi mtakaosombwa. Nyinyi mtakosa kuoga, sisi tutakosa mji. Kuna yeyote hapa amewahi kuona ramani ya maji yatakapofika, au kusikia king'ora cha majaribio?

Njeri wa Ngumo
Thika mna nanasi. Tuleteeni.

Kile Kile
Fundi, kwa heshima, miaka 22 ya kuchuchumaa na rula halafu chai? Ndiyo maana bili haiishi kupanda. Tunalipa mishahara ya wazee wa kutazama mtaro.

Fundi wa Tuta
Wewe mtoto. Bwawa moja la shamba, jina nalihifadhi, nilifika nikakuta ng'ombe 30 wanalala ukutani na mashimo ya fuko yanayomeza mkono hadi kwenye kiwiko. Mwenye shamba akaniambia niache woga. Nilikaa pale siku 9 na kurunzi, usiku, mvua ikinipiga, nikipunguza maji kwa koki moja iliyoshika kutu, nyingine haifunguki kabisa. Chai nilikunywa, ndiyo. Baridi. Njoo unifundishe kazi.

Kile Kile
Pole mzee, sikukusudia wewe. Nilimaanisha mfumo. Kwanza hata bwawa likiwa zima haisaidii, karibu nusu ya maji hupotea njiani. Na yanapotea wapi? Kwa hawa wenye mikokoteni wanaotoboa bomba usiku. Hao ndio mabwawa yanayovuja.

Mitungi Kumi
Nani ametoboa bomba?

Mitungi Kumi
Nauliza tena, Kile Kile, mkubwa wa Kileleshwa kwa wenye pesa. Nani? Mimi nasukuma mitungi kumi, kila mmoja lita 20, hesabu mwenyewe kilo ngapi, kutoka kioski chenye mita na risiti mpaka ghorofa ya tano. Mtungi nauza mbao, shilingi ishirini, ukipanda ngazi unaongeza ashara, shilingi kumi. Wewe bomba lako likikauka unapigia lori simu. Mama wa hapa akikauka ananiita mimi. Usinitukane nikiwa kazini.

Otis wa Buru
Mbao wapi? Buru wiki jana mlitutoza hamsini!

Mitungi Kumi
Wakati wa ukame hata mimi nanunua ghali. Unataka nile hasara kwa ajili ya Buru?

Njeri wa Ngumo
Otis hamsini ulilipa kwa sababu umezoea kuoga na mitungi miwili. Sisi Ngumo mtungi mmoja unaoga, unafua soksi, unamwagia maua.

Otis wa Buru
Dada, kuoga kwangu kumeingiaje kwenye mjadala wa bwawa?

Njeri wa Ngumo
Kwa mlango uliofungua mwenyewe.

Mhasibu Mstaafu
Turudi kwenye jambo. Mji huu unahitaji zaidi ya mita za ujazo 800,000 kwa siku, na mabwawa yote yakijaa bado hayatoshi. Ndakaini inabeba mita za ujazo milioni 70, Sasumua kama milioni 16, Ruiru milioni 3 tu. Ukimwaga Sasumua ili ukarabati, mgao unaongezeka. Ndiyo maana hakuna mkubwa atakayesema tumwage. Ukarabati hauna utepe wa kukata.

Kamau wa Gatanga
Mzee umetaja Ndakaini kana kwamba iko Nairobi. Iko Gatanga, kaunti ya Murang'a. Zaidi ya asilimia 80 ya maji yenu yanatoka kwetu, na kuna mama anayeuona huo ukuta kutoka jikoni kwake na bado anachota mtoni. Gavana wetu wa zamani Mwangi wa Iria alidai asilimia 25 ya mapato ya hayo maji, mkamcheka.

Kile Kile
Mvua ni ya Mungu, siyo ya kaunti.

Kamau wa Gatanga
Na Kileleshwa ni ya nani? Mbona tukija mnatutoza kuegesha gari?

Otis wa Buru
Kamau amefunga bao.

Kile Kile
Mlichimbiwa mtaro wa chini kwa chini kilomita 11.8, mkaambiwa na Raila Odinga, kiongozi wa upinzani, 2016 mtageuka jangwa. Mmegeuka? Mwaka ule ule mlikuwa mnauza maparachichi.

Kamau wa Gatanga
Huo mtaro unachota maji ya Maragua, Gikigie na Irati, ukayaleta Ndakaini, ili uoge wewe. Tulichimbiwa sisi, ama mlijichimbia nyinyi? Na parachichi ni mti wa jasho, usiliguse.

Thika Mjini
Kuhusu king'ora, hakuna aliyejibu.

Fundi wa Tuta
Ndugu wa Thika, swali lako ndilo lilipaswa kuwa la kwanza. Bwawa kubwa huwa na mpango wa dharura ulioandikwa: nani anapigiwa simu, maji yanafika daraja lipi baada ya dakika ngapi. Nenda kwa chifu uombe kuuona. Akikuuliza mpango gani, umeshapata jibu. Na nyinyi wa Nairobi msijione mmepona. Mna bwawa lenu pale Kibera, la 1953. Lilijengwa la maji ya akiba, watu wakishindana kwa mashua. Leo ni magugu na taka, na mto wake unashuka hadi mitaa ya mabanda ya Mukuru.

Kile Kile
Pale mtu anaweza kutembea juu ya maji kama Petro.

Njeri wa Ngumo
Petro alianza kuzama. Soma vizuri.

Mitungi Kumi
Bado nasubiri aliyesema nimetoboa bomba aombe radhi.

Kile Kile
Nimesema mfumo.

Mitungi Kumi
Mfumo hausukumi mkokoteni.

Kijana wa Umoja 2
Jamani, nimerudi kutoka kazini nakuta mmefika kwa Petro. Fundi nimekuelewa, nitamuuliza binamu kama anaweza kupata kile kitabu cha mtaro, angalau picha ya ukurasa mmoja. Wakati huo huo, huku Umoja bomba halijatoa hata upepo tangu Jumanne. Kuna anayejua lori la lita 10,000 linaenda pesa ngapi?

Otis wa Buru
Lita 10,000 utazitia wapi, bafuni?

Kijana wa Umoja 2
Tangi la ploti. Tunachanga wapangaji 14, wawili wamekataa.

Mitungi Kumi
Umoja 2 upande gani? Kama ni ile ya uchochoro nyuma ya posho mill, lori halipiti. Tuliwahi kulikwamua pale, likang'oa mabati ya kinyozi. Nikuletee mitungi saa kumi na moja asubuhi?