Ushauri: binti asome Houston, arudi Ohio au aende chuo binafsi?

MamaTunu: Wadau, shikamooni wakubwa. Binti yangu anamaliza sekondari hapa Houston, Texas, kapata vyuo vitatu: University of Houston, Ohio State na kimoja binafsi cha kanisa. Mwisho wa kuthibitisha ni Mei 1. Usingizi sina. Kipi kina unafuu?

MzeeWaTrela: Chuo cha jimbo lako, mama. Ada ya mkazi wa jimbo na ya mtu wa nje ni mbingu na ardhi. Wangu nilimpeleka jimbo jingine kwa sifa tu, nikaendesha lori miaka minne, Krismasi zote barabarani.

DadaNeema: Mtoto wa kike umwache Ohio peke yake? Akae kwako, ale ugali wako.

Kilonzo: Texas inataka mzazi awe ameishi humo miezi 12 kabla ya muhula. Mlihamia lini?

DadaNeema: Mama Tunu, umeulizwa.

MamaTunu: Oktoba, tukitokea Columbus, Ohio. Houston wameshamwandika wa nje. Ohio nao wanasema tumehama, si wakazi tena. Kile cha kanisa kimempa ufadhili wa dola 22,000 kwa mwaka, nikalipa 300 za kushika nafasi. Sijaamua, niliogopa nafasi isipotee.

Kilonzo: Gharama yao yote, na malazi?

MamaTunu: 54,000. Lakini wanawajali watoto sana.

Kilonzo: Basi utadaiwa 32,000 kila mwaka.

Sangoma_TX: Chai hii. Nani anahamisha mtoto akiwa mwaka wa mwisho?

MamaTunu: Baba yake alipunguzwa kazini Agosti. Kazi mpya ilikuwa huku. Natamani ingekuwa chai, kaka.

Sangoma_TX: Samahani, mama. Poleni.

MzeeWaTrela: Andika anwani ya ndugu aliyebaki Columbus.

Kilonzo: Mzee, usimtie matatani. Wanamtazama mzazi anaishi wapi. Mama, Januari mtakuwa mmetimiza miezi 15. Aanze Houston, muhula wa kwanza mlipe ada ya nje, kisha aombe kutambuliwa upya kuwa mkazi. Tunzeni mkataba wa pango na karatasi za kazi za baba. Pia Texas, wa nje akishinda ufadhili wa ushindani wa chuo chenyewe, kuanzia dola 1,000, anaweza kutozwa ada ya mkazi. Piga simu kesho, uulize.

MamaTunu: Hilo sikulijua. Na zile 300?

Kilonzo: Zikipotea, zimepotea 300 tu.

MamaTunu: Yeye mwenyewe anakitaka cha kanisa. Ameshanunua sweta lao, analala nalo.