Draiva mpya ya gofu au mwalimu? Niko Lubumbashi, napiga 105 na sishuki

KijanaWaKampemba

Mujambo wote. Naomba ushauri, hasa kwenu ninyi wakubwa muliocheza gofu miaka mingi.

Gofu niliianza nikiwa mtu mzima, kupitia wenzangu wa kazini, na sasa naipenda kupita kiasi. Wiki nzima niko ofisini lakini akili yangu iko Jumamosi. Mashimo 18 namaliza kwa mikwaju 105 hivi, siku mbaya inafika 110. Nimekwama hapo muda mrefu, na chini ya 100 sijafika hata mara moja.

Kinachonisumbua zaidi ni draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali. Natumia mkono wa kulia. Mpira unatoka vizuri, watu wanasema "mzuri huo!", halafu ukiwa hewani unaanza kupinda kulia mpaka unaingia mitini. Nikilenga kushoto ili niufidie, unapinda zaidi ya mwanzo.

Sasa kuna draiva mpya nimeonyeshwa, bei yake inapita dola 500, na muuzaji anasema imetengenezwa kwa ajili ya watu wenye shida kama yangu. Upande mwingine kuna mwalimu anayelipwa kwa saa. Vyote viwili siviwezi, maana Septemba inakuja na minervali (ada ya shule) ya watoto inanisubiri. Mungekuwa ninyi, hela mungeipeleka wapi?

Na tena: kiangazi hiki ardhi imekauka kabisa. Mipira ya karibu na grini, pale penye majani mafupi na shimo, naipiga kichwani, inavuka hadi upande wa pili. Munisaidie.

YayaWaBelair

Mdogo wangu, draiva usinunue. Lipa minervali kwanza, halafu mwalimu. Fimbo mpya mkononi mwa mtu mwenye mshiko uleule itakupeleka kwenye miti ileile.

KediWaZamani

Mwanangu, mimi nimebeba mifuko ya watu tangu ujana wangu, nimetembea na mabosi wa migodi, madaktari, wafanyabiashara, wa kila kiwango. Nitakueleza nilichokiona.

Mtu wa 105 akitoka uwanjani analalamikia draiva, kwa sababu mpira wa draiva ukipotea kila mtu ameuona. Lakini hesabu naye. Uwanja wa paa 72 (paa ni mikwaju anayotarajiwa kutumia mchezaji hodari) kwa kawaida una mashimo manne mafupi ya paa 3, na hapo draiva huitoi. Kwa hiyo mzunguko mzima utaishika mara 14, si zaidi. Pati, ule mkwaju wa kuviringisha mpira kuelekea shimo, je? Ukipati mara mbili tu kila shimo, tayari umefika 36. Na wewe hupati mara mbili kila shimo, hilo nakuambia kabla sijakuona.

Jumamosi ijayo chukua kikaratasi na penseli, tembea navyo mfukoni. Kila ukimaliza shimo, andika mambo matatu: umepati mara ngapi, umelipa adhabu ngapi, na ukiwa ndani ya mita 30 kutoka grini umetumia mikwaju mingapi hadi mpira kutulia juu ya grini. Usiandike "nimecheza vibaya", andika namba. Fanya hivyo mizunguko kadhaa, halafu urudi hapa utusomee. Kabla ya hapo, mtu yeyote anayekuambia ununue hiki au kile anabahatisha.

Jambo moja nililoliona mara nyingi sana: mpira umeingia mitini, mbele kuna mwanya mdogo kati ya miti miwili, na mchezaji anachukua chuma 5 (fimbo ya chuma namba 5) apitishe hapo. Mpira unagonga mti, unarudi nyuma yake. Anapiga tena. Shimo ambalo lingeisha kwa mikwaju 5 limekuwa 9. Kando yake palikuwa na njia wazi ya kurudi uwanjani kwa mkwaju mmoja mfupi. Sisi makedi tulikuwa tunanyoosha kidole kuelekea huko, na wengi hawakutazama. Chukua mkwaju huo mmoja, urudi kwenye majani, uendelee.

Fundi_Likasi

Mzee wangu KediWaZamani namheshimu, ila hapa sikubaliani naye kabisa. Pati mbovu inakula mkwaju mmoja. Draiva ikienda nje ya mpaka unalipa mkwaju wa adhabu na unarudi kupiga palepale ulipopigia. Mara mbili kwa mzunguko na siku imekwisha. Draiva inarekebishwa, na inarekebishwa bila dola 500.

Kijana, sikiliza kwa nini mpira unapinda. Mwanzo wa safari yake unafuata kwa sehemu kubwa pale uso wa fimbo unapotazama wakati wa kugonga. Kupinda kunatokana na tofauti kati ya uso huo na njia ambayo fimbo inapita. Wewe uso wako uko wazi, unatazama kulia kuliko njia ya fimbo. Ukisimama ukilenga kushoto, njia inahamia kushoto lakini uso unabaki wazi, tofauti inakuwa kubwa zaidi. Ndiyo maana dawa yako inauongeza ugonjwa.

Anza na mshiko, nyumbani, bila mpira. Weka mkono wa kushoto kwenye fimbo na uangalie chini. Unaona vifundo vingapi vya vidole juu ya mkono? Kama ni kimoja, mkono umekaa dhaifu. Uzungushe kuelekea kulia hadi uone viwili au vitatu. Fimbo ilale kwenye mizizi ya vidole, isizame ndani ya kiganja. Ule mstari unaotokea kati ya gumba na kidole cha shahada uelekee bega la kulia, na mkono wa kulia uufuate hivyohivyo.

Utahisi vibaya sana, kama umeshika kitu cha mtu mwingine. Mipira ya kwanza inaweza kwenda kushoto kabisa. Usirudi nyuma! Ikienda kushoto maana yake uso umeanza kufunga, na hicho ndicho tulichokuwa tunakitafuta.

Halafu tazama namba iliyoandikwa chini ya draiva yako. Huo ni mlalo wa uso wake. Ikiwa ni nyuzi 9, hiyo si yako bado. Tafuta ya nyuzi 12 iliyotumika, au pigia mbao 3, fimbo fupi kuliko draiva. Uso uliolala zaidi unaupa mpira mzunguko wa kurudi nyuma zaidi na kupinda kunapungua, na fimbo fupi ni rahisi kugonga katikati.

KijanaWaKampemba

Asanteni sana. Yaya, nimekusikia. Fundi, nimeangalia sasa hivi hapa sebuleni: kifundo kimoja tu. Na draiva ni nyuzi 9 kweli. Nilipewa na mtu aliyehama nchi, sikuchagua. Mzee, karatasi naitayarisha.

MamaKatuba

Kuhusu ile mipira ya karibu na grini wakati wa kiangazi. Hakuna aliyekujibu, na mimi naona hapo ndipo mikwaju yako iko.

Nadhani unachukua weji ya mchanga, fimbo ya kutolea mpira mchangani, kwa sababu umeona kwenye televisheni. Weji hiyo chini yake imevimba ili isizame mchangani. Kuanzia Mei mpaka Septemba ardhi yetu ni ngumu, majani ni mafupi na chini yake udongo mwekundu umekaza. Ule uvimbe unagonga udongo, unaruka, na ukingo wa chini wa fimbo unaupiga mpira tumboni. Ndiyo mpira wako unavuka grini.

Weka weji mfukoni. Chukua chuma 8. Simama miguu karibu karibu, uzito uegemee mguu wa kushoto, mpira uwe karibu na mguu wa kulia, na ucheze mkwaju kama unapati: mabega yanayumba, vifundo vya mikono havikunjiki. Mpira utaruka kidogo, utue, kisha ukimbie. Usitazame shimo, chagua mahali pa kutua. Mimi nafanyia mazoezi kwa kutandika taulo ndogo hatua moja ndani ya grini, kazi yangu ni kuuangusha mpira juu ya taulo tu. Na kama kati yako na grini hakuna majani marefu, pati kutoka hukohuko nje. Hakuna aibu. Pati mbaya kutoka nje inabaki mita 3, weji mbaya inakupeleka upande wa pili.

Mvua zikirudi, weji itarudi kazini. Udongo ukilainika inapita chini ya mpira vizuri.

Kanuni_Kwanza

Naongeza upande wa sheria, maana wengi wetu tunapoteza mikwaju kwa kutozijua.

Tangu 2019 una dakika 3 tu za kutafuta mpira, zamani zilikuwa 5. Ukihisi mpira umepotea mitini au umetoka nje, kabla hujaondoka kwenye tii (pale unapoanzia shimo) sema wazi kwamba unapiga mpira wa akiba, kisha upige. Usiposema, ule wa pili ndio unakuwa mpira wako, hata ukiukuta wa kwanza umekaa vizuri kwenye majani. Pia uulize klabuni kama wamepitisha kanuni ya mahali inayomruhusu mchezaji kudondosha mpira karibu na ulipopotelea, hadi pembeni mwa feawei (njia ya majani yaliyokatwa), kwa adhabu ya mikwaju miwili badala ya kurudi nyuma. Si kila klabu inayo.

Masika, mpira ukijizika kwenye shimo ulilolichimba wenyewe ulipotua, iwe feawei au majani marefu, unautoa bure bila adhabu, ila isiwe mchangani ndani ya bunka. Dimbwi la maji ya mvua nalo ni bure. Dondosha kutoka usawa wa goti.

Na kuhusu hiyo 105: kwa handikepu (kipimo cha uwezo wako, kinachokupa mikwaju ya ziada), kila shimo lina kikomo. Ni paa, kuongeza miwili, kuongeza mikwaju unayopewa shimo hilo. Kwenye paa 4 unayopewa miwili, kikomo ni 8. Ukipiga 11, kwa handikepu inaandikwa 8. Halafu mfumo wa dunia ulioanza 2020 unachukua mizunguko yako 20 ya mwisho na kuhesabu ile 8 bora. Jumamosi moja mbaya haikuharibii. Peleka kadi zako zote, nzuri na mbaya.

Msafiri_Kasumbalesa

Kijana, kama kazi inakuvusha mpaka, beba fimbo. Chililabombwe, Chingola, Kitwe na Ndola zote zina viwanja vya gofu, migodi iliviacha kule kama ilivyoviacha huku kwetu. Zambia ndiyo iliyomtoa Madalitso Muthiya, Mzambia wa kwanza kucheza US Open, mwaka 2006. Ukicheza uwanja usioujua unajifunza kufikiri, maana miguu haikumbuki njia.

KijanaWaKampemba

Nimerudi na karatasi, kama mzee alivyoagiza.

Pati zinapita 40 kila mzunguko. Nyingi ni zile ambapo wa kwanza unabaki mbali na shimo, si kukosa za karibu. Ndani ya mita 30 natumia mikwaju miwili au mitatu kufika kwenye grini, ila tangu nianze chuma 8 ya Mama imepungua na naiona kwa macho. Adhabu zipo, karibu zote za draiva. Kwa mbao 3 na mshiko mpya mpira bado unapinda, lakini unabaki uwanjani.

Draiva mpya nimeachana nayo. Nimemlipa mwalimu kwa saa chache tu. Swali langu la mwisho: nimwambie tuanze na nini?

Fundi_Likasi

Mshiko na jinsi unavyosimama. Mwambie akuangalie mikono kabla hujapiga mpira hata mmoja. Na nimesoma namba zako: mzee alikuwa na haki kuhusu pati.

KediWaZamani

Saa ya kwanza ya mwalimu fuata ushauri wa Fundi, iende kwenye mshiko. Pati usimlipie mtu, hiyo ni kazi yako peke yako. Fika dakika 20 kabla ya wenzako, chukua mipira mitatu, nenda grini ya mazoezi. Usilenge shimo. Pati wa kwanza hatua 5, wa pili hatua 10, wa tatu hatua 15, kisha urudi upande wa pili, maana kupanda na kushuka si sawa. Angalia umbali tu, mpira usimame karibu na pale ulipotaka. Pati za mita 1 zifanye mwishoni, chache, ili uende tii ya kwanza ukiwa umetoka kusikia mpira ukiingia.

Asubuhi majani yakiwa na umande mpira unaenda polepole, kufika saa nne grini imekauka na unakimbia. Mkicheza mzunguko wa asubuhi, kumbuka hilo kuanzia shimo la 7 au la 8.