Mashine mpya, kitabu cha zamani, lawama kwa fundi. Hivi hawa watengenezaji wanatuonaje?

Wakuu, salamu zitafuata nikishapoa. Mezani kwangu kuna nusu ya bolti. Nusu yake ya pili imetuchukua siku nzima kuitoa kwa drili, taratibu, tusije tukaharibu na tundu lenyewe.

Tumepokea kompresa mpya ya hewa. Boksi limefunguliwa mbele yangu, kitabu cha maelekezo kiko ndani ya mfuko wake wa nailoni, hakijaguswa na mtu. Baada ya saa za mwanzo za kazi kitabu kinataka bolti za kichwa cha silinda zikazwe upya. Kazi ya kawaida kabisa. Nikampa kijana wangu anayejifunza spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, nikamfungulia ukurasa wa 31, nikamwambia fuata kama ilivyoandikwa, usikisie kitu. Hakukisia. Ukurasa unasema Nm 45 (Nm ndicho kipimo cha nguvu hiyo ya kukaza), akaweka 45. Bolti ya tatu ikakatika.

Kuja kupima, bolti zilizofungwa ni M8, yaani za kipenyo cha milimita 8. Nm 45 ni kiwango cha M10, ya milimita 10! M8 ya daraja la uimara la 8.8 inataka kama Nm 25 hivi. Maana yake mahali fulani kiwandani mtu alibadilisha bolti, na ni haki yake, huenda alikuwa na sababu nzuri. Ila hakuna aliyekumbuka kwamba kuna kitabu.

Najua kuna mtu ameshaanza kuchapa "fundi gani asiyejua M8 haivumilii 45?" Mkuu, mimi najua. Kijana ana miezi minne kwenye kazi. Kitabu kinaandikiwa nani, sisi tunaojua tayari au yeye? Halafu tunawakemea vijana kila siku wasome maelekezo. Kijana kasoma, kafuata, kaharibu mashine kwa kutii. Tangu siku ile ananiangalia kama mimi ndiye niliyemdanganya.

Sasa sikieni huko kwa wakala. Jibu la kwanza: waranti haipo, mmekaza kupita kiasi. Nikapiga picha ukurasa wa 31 nikawatumia. Kimya cha siku mbili. Jibu la pili: "Hicho ni kitabu cha zamani." Cha zamani! Kimetoka ndani ya boksi la mashine mpya, jamani, sikukiokota jalalani. Nikawaomba hicho kipya. Wakanitumia PDF, na jina la faili linaishia na "mpya_final_2". Nikafungua ukurasa wa 31, naona Nm 22. Sawa, angalau mtu alirekebisha. Nikarudi kwenye jalada kuangalia toleo: Toleo 1.0. Nikachukua kile cha karatasi: Toleo 1.0. Jalada lile lile, picha ile ile, namba ile ile, maagizo mawili yasiyopatana. Hakuna tarehe, hakuna orodha ya kilichobadilika, hakuna hata alama pembeni ya mstari.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na naomba msiipotezee mbali. Kukosea namba ni ubinadamu. Kurekebisha namba kimyakimya bila kubadilisha toleo ni kosa la aina nyingine, kwa sababu unaninyima njia ya kujua kama nilichoshika ni sahihi. Fundi mwingine mwenye kitabu cha 45 akipiga simu kuuliza "nina toleo la ngapi?" ataambiwa 1.0, ndilo la sasa hivi, kazana nalo.

Na tusiambiwe ni jambo gumu. Wenzetu wa ndege wamelizoea miaka mingi. Vitabu vyao vya matengenezo vina orodha ya kurasa zinazotumika, kila ukurasa na tarehe yake, mstari wima pembeni pale palipobadilika, na rekodi ya marekebisho huko mbele. Sisemi kompresa iwe na karatasi kama ndege. Nataka vitu vitatu tu kwenye jalada: toleo, tarehe, na kitabu hiki ni cha mashine zenye namba za siriali kuanzia ipi hadi ipi. Hicho cha tatu ndicho kinachosahaulika zaidi, na ndicho muhimu kuliko vyote. Kitabu cha zamani si kibaya. Mwenye mashine ya M10 anakihitaji hicho hicho cha Nm 45, ukimpa kipya atakaza kidogo, kichwa kianze kuvujisha hewa. Kwa hiyo hata ile dawa ya "pakua toleo jipya kwenye tovuti" ni hatari kama tovuti haikuulizi mashine yako ni ipi.

Kichekesho ni kwamba kwenye jalada la nyuma wamebandika nembo ya ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora. Mimi nimewahi kukaa kwenye ukaguzi wa hiyo kitu. Toleo la 2015, kifungu cha 7.5, linazungumzia nyaraka: zitambulike, zipitiwe na kuidhinishwa, mabadiliko yadhibitiwe, na zipatikane zinapohitajika. Kuna hata kiwango cha kimataifa cha kuandaa maelekezo ya matumizi, IEC/IEEE 82079-1, cha mwaka 2019. Wanajua. Wanachofanya ni kudhibiti nyaraka za mkaguzi, kitabu cha mteja kinaachiwa mtu wa kuchora jalada.

Nitawaambia ninavyodhani inatokea, maana nimefanya kazi upande ule pia. Mhandisi anajaza fomu ya mabadiliko. Fomu inapita ununuzi, inapita karakana, inapita ubora, kila mmoja anasaini. Hakuna kisanduku kinachouliza "je, kitabu kinaguswa?" Mwandishi wa kitabu anakuja kusikia miezi baadaye, tena kwa mteja aliyekasirika kama mimi. Wakati huo stoo kuna maboksi ya vitabu vilivyochapwa na bosi hataki vitupwe. Vinaingizwa kwenye mashine mpya mpaka viishe.

Tafsiri ndiyo balaa lenyewe. Sheria ya mashine ya Umoja wa Ulaya, ile ya 2006/42/EC, inataka lugha ya mtengenezaji iandikwe "maelekezo asilia" na nyingine ziandikwe "tafsiri ya maelekezo asilia". Watu wanadhani ni urasimu. Mimi naona ni heshima, ukikuta utata unajua urudi wapi. Cha kwetu kina lugha sita na hakuna hata moja inayokiri kuwa ndiyo mama. Nimelinganisha mbili ninazozisoma: moja inasema mafuta yabadilishwe baada ya saa 500, nyingine 300. Chagueni wenyewe.

Na sasa kila kitu kinahamia kwenye msimbo wa kuskani. Kanuni mpya ya Ulaya, 2023/1230, itakayoanza kutumika Januari 2027, inaruhusu maelekezo ya kidijitali, ila yabaki mtandaoni kwa muda wa maisha ya mashine na si chini ya miaka 10, na mnunuzi akiomba karatasi wakati wa kununua apewe bure. Sina ugomvi na hilo. Nina ugomvi na msimbo ulio kwenye kompresa yetu: ukiuskani unakupeleka kwenye tangazo la kompresa nyingine.

NYONGEZA: Mdau mmoja hapo chini kasema nakuza mambo, kitabu ni karatasi tu, kazi ni mikono. Mkuu, tafuta habari za Therac-25, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi. Machi 1986 huko Texas, skrini ilionyesha hitilafu namba 54. Kitabu cha mwendeshaji hakikuwa na maelezo ya namba hizo. Mwendeshaji alikuwa amezoea mashine kusumbua kwa vitu vidogo, akabonyeza iendelee, mgonjwa akapigwa mionzi mara ya pili. Baadaye alifariki. Chanzo kilikuwa programu, sikatai, ila mtu aliyesimama mbele ya ile skrini angepaswa kusoma nini?

NYONGEZA 2: Mwingine kauliza kama karakana yetu yenyewe ni safi. Umenishika. Leo asubuhi nimezunguka nikakuta ukutani kopi nne za maelekezo ya mashine tofauti, zimefunikwa plastiki vizuri kabisa, hazina tarehe. Moja ni ya mashine tuliyoiuza zamani. Kijana huwa anaisoma akisubiri chai. Nimezitoa zote.

Kwa wakala nimetuma madai matatu kwa maandishi: bolti na kazi ya kutoboa walipe wao, watume taarifa kwa kila aliyeuziwa kompresa za bolti ndogo, na mtengenezaji atoe toleo lenye namba yake. La kwanza wamesema "linashughulikiwa". Hayo mawili hawajayataja, na la pili ndilo linaloninyima usingizi. Kama mna kompresa mpya na kitabu kinasema Nm 45 kwenye kichwa, pimeni bolti kwanza kabla hamjashika spana.

Kitabu chetu nimekirudisha kwenye kabati lake. Ukurasa wa 31 nimeukata kwa kalamu nyekundu kona hadi kona, nikaandika USIFUATWE, BOLTI NI M8, nikaweka tarehe na sahihi. Ndio ukurasa pekee wenye tarehe kwenye kitabu kizima.