Mnabandika Amri Kumi darasani huku mgeni mmemfungia mlango, Wakristo wenzangu wa Marekani mnanitia hasira

Wakuu, naandika hii nimetoka shifti ya usiku na sina mpango wa kulala kabla sijaimaliza.

Niko Texas mwaka wa 11 sasa. Ni Mlutheri, kipaimara nimepata Machame, na Jumapili nasali na kundi letu la Kiswahili, tupo Watanzania, Wakenya, Warundi na Wakongo wengi tu, tunaazima jengo la Wamarekani wakishamaliza ibada yao. Kazi yangu ni kuhudumia wazee. Kisiasa mimi ni liberali wa wastani, naamini serikali imsaidie mnyonge, imwache kila mtu na dini yake, mipaka ilindwe ila kwa utu. Nimeyasema mapema ili asije mtu kuniambia nimetumwa na wapinga Kristo.

Jumapili iliyopita baada ya matangazo akasimama mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu sana, ndiye aliyenipokea airport nilipofika na begi moja. Akasema tumshukuru Mungu, serikali imemrudisha Yesu shuleni, Amri Kumi sasa zinabandikwa madarasani, Marekani inarudi kwenye msingi wake wa Kikristo, na uchaguzi ukija kanisa liwaonyeshe watu nani wa kumpigia kura. Makofi, vigelegele, watu wakasimama. Mbele yangu alikaa dada mmoja Mkongo amempakata mtoto, yeye hakupiga makofi wala hakusimama, na mimi sababu naijua.

Mume wake yupo Nyarugusu, Kigoma. Walioana kambini, faili zao zikawa tofauti, dada akatangulia na mtoto mwaka 2024. Mume akafanyiwa mahojiano yote, vipimo vyote vya afya, akapangiwa safari Februari 2025. Kitanda, godoro na sufuria akagawia majirani, akabaki na ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, wenye maandishi ya bluu ambao wakimbizi wote wanaujua. Tarehe 20 Januari 2025 rais mpya, Trump, akasaini amri ya kusimamisha programu ya wakimbizi na safari zikafutwa, hata za watu ambao tiketi zilikuwa tayari. Mpaka leo mtoto anamjua baba yake kwa video ya simu, na ikikatika anapiga kioo na kiganja akidhani baba yuko nyuma yake.

Sasa niambieni huyo dada apige makofi ya nini.

Na msinidanganye kwamba ni suala la usalama tu au hela hakuna. Mwaka wa fedha 2024 Marekani ilipokea wakimbizi kama 100,000, na Wakongo ndio walikuwa wengi kuliko taifa lolote, karibu 20,000. Hao Wakongo wengi wao ni Wakristo, wamekaa kambini miaka 10, 15, 20, wamehojiwa na kuchukuliwa alama za vidole mpaka basi. Mlango ukafungwa. Halafu Mei 2025 ndege iliyokodiwa na serikali hiyo hiyo ikaleta Makaburu 59 kutoka Afrika Kusini, watu ambao hawajalala kambini hata usiku mmoja, wakapokewa na viongozi na bendera mkononi. Kwa mwaka wa 2026 kiwango cha wakimbizi kikashushwa kutoka 125,000 mpaka 7,500 na wakasema wazi nafasi nyingi ni za hao hao Makaburu. Kanisa la Episcopal, yaani Waanglikana wa hapa Marekani, lilipoambiwa lisaidie kuwapokea wale likakataa, likavunja ushirikiano na serikali uliodumu karibu miaka 40. Ndiyo kanisa lile, sio sisi, sisi tulikuwa tunapiga vigelegele.

Turudi kwenye hilo bango. Sheria ya Texas inaitwa SB 10, gavana Greg Abbott aliisaini Juni 2025. Inataka kila darasa la shule ya umma liwe na Amri Kumi kwenye bango lisilopungua inchi 16 kwa 20, maandishi yasomeke kutoka kona yoyote. Na sio Amri Kumi zozote, maneno yameandikwa ndani ya sheria yenyewe, wanasiasa wamekaa bungeni Austin wakachagua Mungu aseme kwa Kiingereza kipi. Mimi nilikariri Amri Kumi kwenye Katekisimu Ndogo ya Luther, amri ya pili ni kutolitaja bure jina la Bwana. Waulize Wabaptisti au Wapentekoste, watakwambia amri ya pili ni sanamu. Wakatoliki wanahesabu kama sisi, Wayahudi wana hesabu yao. Haya ni mambo ambayo makanisa yamebishana mamia ya miaka na leo serikali ya jimbo inayafunga kwa kipengele cha sheria halafu Mlutheri mwenzangu anashangilia. Hivi umesoma hata kilichoandikwa pale? Binti yangu wa darasa la tatu alikuja kuniuliza maana ya kutotamani mtumishi wa kiume na mjakazi wa jirani. Nikamwelezea nyumbani kwa Kiswahili Biblia ikiwa mezani, nikamwambia habari za utumwa na habari za Misri, tulikaa saa nzima. Hiyo kazi ni yangu mimi na mama yake na mwalimu wake wa sunday school. Mwalimu wake wa hesabu hajaajiriwa kwa ajili hiyo, na rafiki yake anayekaa naye meza moja ni Muislamu, msichana mzuri kabisa, wazazi wake wanalipa kodi ile ile ninayolipa mimi.

Na walioenda mahakamani sio wasioamini peke yao, jina la kwanza kwenye kesi ni la rabi, kiongozi wa dini ya Kiyahudi, na humo wapo Wakristo pia. Agosti 2025 jaji wa shirikisho Fred Biery akaizuia sheria kwenye wilaya kadhaa za shule. Mahakama Kuu ya Marekani ilishalikataa jambo la namna hii tangu 1980, kesi ya Kentucky. Wanajua. Wanalirudia kwa sababu wanaamini majaji wa sasa watawapa wanachotaka.

Hili la kusema Marekani ilianzishwa kama nchi ya Kikristo ndilo linaniumiza zaidi maana tunalibeba kutoka YouTube bila kuuliza. Katiba yao inakataza mtu kupimwa dini yake ili apate cheo cha serikali. Marekebisho ya Kwanza, 1791, yanakataza Bunge kutunga sheria ya kuanzisha dini. Mkataba wa Tripoli wa 1797, uliopitishwa na Seneti yao na kusainiwa na rais John Adams, unasema waziwazi serikali ya Marekani haikujengwa kwa namna yoyote juu ya dini ya Kikristo. Yale maneno ya Mungu kwenye kiapo cha bendera yaliongezwa 1954, na kauli ya kumtumaini Mungu ikawa kauli rasmi ya taifa 1956, enzi za vita baridi na Warusi. Wengine humu wazazi wenu walikuwa wameshazaliwa.

Na ule ukuta kati ya kanisa na serikali unajua nani aliuhitaji zaidi? Wabaptisti. Kule Virginia wahubiri wao walikuwa wanatupwa jela kwa kuhubiri bila kibali cha dini ya serikali. Rais Thomas Jefferson alipoandika habari za ukuta huo mwaka 1802 alikuwa anawajibu Wabaptisti wa Danbury, Connecticut, watu waliokuwa wanaishi chini ya kanisa lililopendelewa na serikali ya jimbo. Walikuwa waumini kweli kweli na waliutaka ukuta ili mwanasiasa asiwaingilie madhabahuni.

Leo sisi wenyewe tunamfungulia. Tangu 1954 ilikuwa sheria kwamba kanisa lisilolipa kodi haliruhusiwi kumpigia debe mgombea. Julai 2025 mamlaka yao ya kodi ikaiambia mahakama hapa Texas kwamba mchungaji akisema na waumini wake ibadani haihesabiki kuwa ni kumpigia debe mgombea. Mzee wetu kaona ni baraka. Mimi naona siku ambayo wagombea watagundua kwamba sadaka za kampeni zinaweza kupitia kwenye bakuli la kanisa, na mchungaji mwenye madeni ya jengo atasema nini akifuatwa.

Halafu serikali hiyo hiyo inayojiita mlinzi wa Ukristo, siku ya kwanza tu madarakani iliondoa utaratibu wa tangu 2011 uliokuwa unawazuia maofisa wa uhamiaji kukamata watu makanisani isipokuwa kwa sababu maalum. Makanisani wakuu. Kwenye kundi letu zipo familia hazijaonekana tangu wakati ule, wengine karatasi zao ziko sawa kabisa ila wanaogopa parking. Viti vyao viko wazi na sisi tunashukuru kwa bango.

Makamu wa rais, JD Vance, akatoka kwenye televisheni akafundisha kwamba upendo wa Kikristo una foleni, familia kwanza, jirani, mji, nchi, wengine baadaye. Papa Francis, akiwa ni mgonjwa miezi miwili kabla hajafa, akawaandikia maaskofu wa Marekani kuwarudisha kwa Msamaria mwema. Mimi sio Mkatoliki ila ile barua niliisoma mara mbili.

Na kuna hili la kazini kwangu. Sheria kubwa ya bajeti iliyosainiwa 4 Julai 2025 inapunguza fedha za Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa kiasi kikubwa mno, wakadiriaji wa Bunge lenyewe wanasema kama watu milioni 10 zaidi watakosa bima ifikapo 2034. Wazee ninaowageuza usiku wasipate vidonda vya mgongo, zaidi ya nusu ya wenzao nchi nzima wanalipiwa na Medicaid. Kuna bibi mmoja, mzungu, picha ya rais iko juu ya kitanda chake na Biblia pembeni, kila usiku ananiombea kwa jina langu. Sina ugomvi naye hata chembe. Nina ugomvi na waliomwambia kwamba wanamlinda.

Wademokrati nao wamechangia, sitawatetea. Mpaka wa nchi waliuacha wazi hadi miji ikaelemewa, na wengi wao mtu akisema anasali wanamtazama kama hajasoma. Mimi nimekaa kwenye mikutano yao nikaona aibu kusema naenda ibadani. Wakongo na Watanzania wengi wamewakimbia kwa sababu hiyo na nawaelewa. Ila kudharauliwa na upande mmoja hakukulazimishi ushangilie anayemfungia mlango ndugu yako.

Mzee wangu, shikamoo. Najua unasoma humu. Jumapili ijayo kuna kikao cha wazee, mimi nimeshaomba dakika kumi na nitayasema haya haya mbele yako. Kabla hatujaingia nakuomba kitu kimoja, yule dada hukaa mstari wa tatu kushoto karibu na dirisha, nenda umsalimie, muulize mume wake huko Nyarugusu analala juu ya nini sasa hivi.