Chai ya maziwa ya ofisini: inakatika, na ikifika saa nne ni chungu

Karani_Chumbageni
Wadau, habari za kazi. Ofisi yetu ipo Tanga mjini, tuko watu 12. Chai ya maziwa inapikwa saa moja na nusu, ina tangawizi mbichi, inakaa kwenye chupa ya kupampu ya lita 3. Ikifika saa nne ni chungu. Siku nyingine inakatika ikiwa bado jikoni, na maziwa ni ya asubuhi hiyohiyo. Kosa liko wapi?

Mngamiani
Mkuu, hayo ni mambo mawili.

Kukatika: tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na dawa yake ni moto. Twanga kipande cha gramu 50, kitokote dakika 5 kwenye maji lita 1 na nusu. Maziwa lita 1 yachemshe sufuria ya pembeni, ndipo uyachanganye. Yakiwa yameanza kuchacha yatakatikia humo humo, chai itapona. Iliki ya Amani, kule milima ya Usambara, itie mwishoni, moto mrefu unaiua harufu.

Uchungu: majani yanaingia kwenye chupa na kuendelea kutoa tanini. Vijiko 3 vya chakula, usilundike, dakika 4, chuja. Kichujio cha plastiki hupitisha vumbi la majani. Tandika kitambaa cheupe juu yake.

BintiRaskazone
Nakubali, ila maziwa kwenye chupa ya kupampu siyaungi mkono kabisa. Chomoa lile bomba ulinuse! Loweka soda ya kuokea vijiko 2 kwa lita ya maji ya moto, pampu mpaka ipite kwenye bomba, vua mpira wa kifuniko uusugue. Chupa ilale wazi. Humo weka chai ya rangi, maziwa ya moto yakae chupa ndogo ya kumimina, sukari pembeni. Kila mtu atajichanganyia.

Karani_Chumbageni
Asante, dada. Wawili wanataka kahawa, tutumie chupa hiyohiyo?

Mngamiani
Hapana, mpira unanasa harufu. Kwa wawili Africafé, kahawa ya kuyeyusha, inatosha, kijiko cha chai kwa kikombe. Wakitaka ya kusaga: gramu 30 kwa nusu lita, maji yaliyotoka kuchemka, funika dakika 4, mimina taratibu. Msiipike kama kahawa ya barazani. Ile hutokota sana kwa sababu inanyweka kwa vikombe vidogo, na kashata mkononi.