Bunduki ya upepo: geji ikishuka, risasi zinadondoka

Habari zenu wakuu. Nina bunduki mpya ya upepo, milimita 5.5, ile ya kujazwa hewa kabisa kabla ya kupiga, kibali ninacho. Jumamosi nilikuwa shambani Kigamboni, karatasi ya shabaha mita 25. Geji ikisoma baa 200 (kipimo cha mgandamizo wa hewa), risasi kumi za kwanza ziliingia eneo la sarafu ya shilingi mia. Raha tupu! Geji ilipopita 130 zikaanza kudondoka, sentimita nne chini ya alama. Nimekaza skrubu za darubini, nimesafisha mtutu, nimebadili risasi, wapi. Haina regulata, kile kifaa cha kusawazisha mgandamizo wa hewa kwa kila risasi. Na pampu ya mkono, kwa joto hili la Dar, shati linaganda mgongoni.

Je, niishie 140 halafu nijaze tena, au nitafute fundi afunge regulata?